Nimemtetea Mkandarasi, Kumbe Nabishana na Binti Yangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na kabla hujaendelea kusoma naomba pia uhakikishe hapo ulipo hakuna mtu anayechungulia begani kwako, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, nina mke, nina watoto watatu, nina karakana ya makochi yenye kibao mlangoni, na haya ninayotaka kukueleza ni mambo ya mtu wa miaka kumi na mitano.

Yalianza na televisheni. Mimi si mtu wa tamthilia, mwenye tamthilia ni mke wangu, mimi nilikuwa mtu wa kupita sebuleni nikisema "bado mnaangalia upuuzi huu?" kisha nasimama mlangoni dakika arobaini na glasi ya maji mkononi nikijifanya nipo njiani. Siku moja akaniambia, "Baba, kaa basi, miguu yako inanitia huruma," nikakaa, na tangu jioni ile sijainuka.

Tamthilia yenyewe huenda unaijua, ni ile ya mjenzi wa maghorofa wanayemwita Mkandarasi, mtu ambaye hakuna jengo asiloweza kulisimamisha wala binadamu asiyeweza kumwangusha. Mdogo wake hamsalimii kwa sababu alimwibia michoro. Mkewe alilazwa hospitali akamwacha peke yake kwa sababu siku hiyo zege lilikuwa linamwagwa. Anadanganya akiwa ameketi, anadanganya akiwa amesimama. Lakini Shangazi, akivaa ile kofia yake ngumu akainua macho kulitazama jengo, mimi mwili unanisisimka, nampenda yule mtu, na ukiniuliza kwa nini nitakwambia sijui, ingawa nadhani ukifika mwisho wa barua utakuwa unajua.

Sasa mashabiki wana ukurasa wao kwenye simu, kila mtu na jina la bandia, nami nikajiunga kwa jina la Wakili wa Mkandarasi, wakalifupisha wakawa wananiita Wakili, na sitakuficha, nilijisikia. Kazi yangu ikawa kumtetea. Amemdanganya mshirika wake? Nikaandika kwamba mshirika naye si mtoto, angeuliza maswali. Kamsahau mwanawe kituo cha basi? Nikaandika kwamba kituo kile kina paa. Mke wangu alikuwa akiniona nimeinamia simu, nachapa kwa kidole kimoja, ulimi nje, ananiuliza, "Mkandarasi wako ameshakula leo?" Wala sikuwa namjibu, nilikuwa kazini.

Kila wakili ana mpinzani wake, na wangu alikuwa mtu mmoja aliyejiita Sindano. Huyo alikuwa haandiki sana. Mimi nikishusha aya sita, yeye anajibu mstari mmoja, na watu wote wanaenda kucheka kwenye mstari wake. Niliwahi kuandika kwamba Mkandarasi ni mkali kwa sababu anaipenda kazi, Sindano akajibu, "Basi aioe." Nilikaa na jibu hilo siku nzima, napigilia kochi la watu watatu, nalitafutia jibu.

Halafu ikaja ile sehemu ya ukuta. Kijana wa Mkandarasi, ambaye naye ni mwashi, kajenga ukuta wiki mbili kwa mikono yake. Mkandarasi anafika na mwenye jengo, anautazama, anachukua nyundo kubwa anauvunja mbele ya mafundi wote, na yule kijana amesimama na mwiko mkononi. Ukurasa uliwaka moto, Shangazi. Watu wakagawanyika kambi mbili, kambi ya Umepinda na kambi ya Umenyooka, yaani tunabishana ukuta ulikuwa umepinda kweli au mzee alikuwa na yake rohoni. Mimi bila shaka nilikuwa mwenyekiti wa Umepinda. Na kwa kuwa mimi ni fundi na si mtu wa maneno matupu, niliisimamisha picha pale ukuta unapoonekana wote, nikachukua futi kamba yangu ya kazini, ile iliyokatika zamani ikaungwa kwa uzi wa manjano, nikaupima ule ukuta juu ya kioo cha televisheni, nikapiga picha nikaitundika ukurasani: "Juu sentimita thelathini na moja, chini thelathini na mbili. Umepinda. Kesi imefungwa."

Mmoja akaandika, "Wakili, televisheni yenyewe imekaa upande, hebu angalia kabati." Mwingine akaniomba nikampimie mume wake kwenye picha ya harusi. Sindano, ambaye kwa kawaida huwa wa kwanza, alikaa kimya siku mbili nzima, kisha akaandika, "Umepima kioo, Wakili. Ukuta ule haukulewa hata kidogo."

Hapo nilishtuka kidogo, kwa sababu kwenye karakana yangu mshono ukienda kombo sisi husema umelewa, lakini nikajisemea, aa, kumbe ni fundi mwenzangu, mafundi ni wengi duniani.

Baada ya hapo akaanza kuniandikia pembeni, mimi na yeye tu. Nikajua ameishiwa hoja, anatafuta amani. Akaniuliza, "Wakili, una watoto?"

"Ninao."

"Wanakusalimia?"

"Wana adabu sana."

"Sikuuliza adabu."

Tukawa tunaandikiana hivyo, utani mwingi, na nakwambia kweli, katika miezi hii nane hakuna mtu aliyenichekesha kama huyo Sindano, nikawa mchana naichungulia simu kila nikibadilisha kitambaa. Mpaka Jumapili iliyopita akaniletea ujumbe mrefu, wa kwanza mrefu tangu nimjue, nakunakilia kama ulivyo:

"Wakili, wewe unawatetea wababa wote wakorofi, basi nipe ushauri. Nafungua karakana yangu Jumamosi ya wiki ijayo. Baba yangu ni fundi, yeye ndiye aliyenifundisha. Nilishona kiti cha mteja, baba akakifumua mbele ya yule mteja, pini moja baada ya nyingine. Hilo nilishalimeza. Kilichonikaa kooni ni kwamba jioni yake alikuja kama hakuna kilichotokea akaniuliza, 'Kuna chai?' Ndivyo alivyo. Tangu nizaliwe sijamsikia akisema samahani, yeye akikosea huuliza chai. Sasa niambie, nimwalike au nisimwalike?"

Shangazi, nilikuwa nimekalia kochi la mteja lisilo na sponji, na bado nilihisi nimezama.

Ni mwanangu. Ni binti yangu wa kwanza, miaka ishirini na tisa, tumefanya kazi meza moja miaka kumi na mmoja. Kiti chenyewe nakijua kwa miguu yake. Kilikuwa cha mama mwenye duka la dawa, cha mgongo mrefu, na binti yangu alikivisha peke yake. Siku ya kukichukua yule mama alikizunguka mara mbili, akapitisha kidole kwenye mshono, akanigeukia akicheka, "Mzee, huyu binti sasa kakupita!" Ni maneno ya furaha, mzazi mwingine angevimba kichwa. Mimi nilichukua koleo. Nikasema, "Bado anajifunza huyu, ngoja nikuonyeshe," nikaanza kung'oa pini. Na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mama watoto: nilipofika pini ya nane niliona. Niliona ule mshono umenyooka kuliko wowote niliowahi kushona, pembe zimekunjwa vizuri mpaka unaona haya kuzigusa. Niliona, na nikaendelea kung'oa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na mteja alikuwa anatazama. Binti yangu alisimama pale na mkasi mkononi. Jioni nikauliza kama kuna chai. Akanimiminia kutoka kwenye chupa, akaweka kikombe mbele yangu, akachukua mkasi wake na aproni yake akaondoka, na tangu siku hiyo miezi minane salamu zangu zinapitia kwa mama yake, mimi nasema, "mwambie baba hajambo," yeye anajibu, "mwambie naye asijichoshe."

Kwa hiyo unaona nilivyojipanga. Kwa miezi yote hiyo nimekaa sebuleni kwangu napima kuta za televisheni ili nithibitishe kwamba baba mmoja wa kuigiza alikuwa na haki, na aliyekuwa ananikatalia ni mwanangu mwenyewe.

Ninachokuuliza ni hiki: nimjibu nini? Nimeandika jibu mara tisa. La kwanza lilisema, "Mwalike, wazee wana moyo laini ndani," nikaliona ni kujipigia kampeni. La pili lilisema, "Usimwalike," ili nisionekane nina upendeleo, nikalifuta mbio kabla kidole hakijateleza. La tano lilikuwa na ushauri juu ya taa za karakana. Nikimjibu kama Wakili, nitakuwa nimemdanganya, hata Mkandarasi hajafika huko. Nikimwambia mimi ni nani, ataona baba yake amekuwa akimpeleleza, ataondoka, na Sindano naye ataondoka, nami nitakuwa nimempoteza mtu yuleyule mara mbili. Nikinyamaza, Jumamosi itafika, atafungua mlango wake, na mimi nitakuwa hapa nimejifungia na pini zangu. Nataka kuwepo siku ile, Shangazi. Nataka tu kusimama pale, hata nyuma ya mlango. Nifanye nini?

Ni mimi,
Wakili niliyebaki bila mteja

*

SHANGAZI ANAJIBU

Ndugu Wakili,

Kwanza nitangaze maslahi yangu: mimi ni kambi ya Umenyooka. Ukuta ule ulipovunjwa nilirusha kandambili, ikaipiga televisheni, na mume wangu akahamia chumbani na sahani yake. Kwa hiyo usinitarajie niwe hakimu asiye na upande. Ila kucheka nimecheka, tena sana, na hakuna aliyekuwa akichungulia begani kwangu isipokuwa mhariri, ambaye naye amecheka.

Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili, nikiwa nimetafuta kalamu nyekundu. Umeandika kurasa nne. Umeandika "nilichukua koleo", umeandika "niliona", umeandika "nikaendelea", na kwa hilo nakupa heshima yako, wanaume wengi wanaoniandikia huanza na "tukajikuta tumekosana", kama vile ugomvi ni mvua. Lakini neno samahani katika kurasa zote hizo limetokea mara moja tu, na limetoka kwa binti yako, akisema hajawahi kulisikia. Hata kwangu mimi, mtu usiyenijua, ambaye ningelisoma tu na kukaa kimya, umeshindwa kuliandika. Umezunguka nalo mji mzima, umepita kwenye taa za karakana, umerudi nalo nyumbani mfukoni.

Sasa nikuulize kitu, fundi. Ile futi kamba yako iliyokatika, iliungwa kwa uzi wa manjano na nani?

Nasubiri.

Nilidhani hivyo. Umepiga picha futi hiyo, imelazwa juu ya televisheni ya nyumba aliyokulia mtoto wako, kwenye kabati analolijua tangu akiwa anatambaa, ukaitundika watu wote waione. Mtu ambaye hujibu wa kwanza akakaa kimya siku mbili. Kisha akaandika neno "haukulewa", ambalo umeniambia mwenyewe ni neno la karakana yako. Kisha akakufuata pembeni akakuuliza kama una watoto na kama wanakusalimia. Nawe ukakaa pale na ulimi wako nje ukijisifu kwamba ameishiwa hoja! Baba wee. Siapi, sikuwepo, lakini nina miaka ishirini ya kusoma barua za watu na ningeweka kandambili yangu ya pili rehani: binti yako anajua Wakili ni nani. Pengine alijua kabla picha haijamaliza kufunguka.

Kwa hiyo lile swali la Jumapili hakumuuliza mtu baki. Amekuuliza wewe. Hakuuliza kama baba yake ni mtu mzuri, hilo ameshaacha kulibishania. Amekuandikia kosa lako kwa mpangilio, ameacha nafasi chini yake, akasubiri aone utaweka nini. Na wewe umekaa siku zote hizo ukichagua kati ya uwongo wa kwanza na uwongo wa pili, huku ukiogopa kumpoteza mtu ambaye ndiye aliyekutafuta. Nikupe pole, maana najua inauma. Ila pole yangu ni fupi, tuna kazi.

Usimjibu kwenye simu. Sitaki jibu la kumi. Ukurasa ule umeshawasaidia mlipokuwa hamwezi kutazamana, imetosha. Mambo ya ana kwa ana yamalizwe ana kwa ana.

Kabla ya kwenda kwake, mtafute yule mama wa duka la dawa. Ndiyo, nakuona unavyoguna. Kazi ya mwanao uliifumua mbele yake, na mpaka leo yule mama akikaa kwenye kile kiti anaamini amekalia kazi yako iliyorekebisha makosa ya mtoto. Nenda dukani kwake, subiri wateja wapungue, umwambie hivi: "Mama, siku ile ulisema kweli, binti alikuwa amenipita, nami niliona wivu." Atashangaa, labda atacheka, labda atakuuzia dawa ya kichwa. Ondoka ukiwa umesema. Usipoanza na hapo, utakwenda kumwomba mwanao akubebee siri yako, na amekubebea vya kutosha.

Kisha nenda kwake. Usiende Jumamosi kwenye watu ukitumaini hatakufukuza mbele ya wageni, huo utakuwa ujanja wa Mkandarasi kabisa. Nenda siku ya kazi, mchana, akiwa na vumbi. Mama watoto anajua ni wapi. Muulize, na wakati huohuo mwambie yote, pamoja na hiyo pini ya nane, maana haifai mimi na wasomaji wa gazeti zima tujue kabla ya mkeo. Usibebe zawadi, usibebe sponji, usibebe futi. Gonga mlango, usiingie mpaka uambiwe karibu. Halafu useme maneno haya, nimekuandikia kwa kuwa najua ukiachiwa utapinda: "Nilifumua kazi yako mbele ya mteja. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, niliona hivyo, nikaendelea. Samahani, mwanangu. Na Wakili ni mimi." Basi. Umesikia, Wakili? Basi. Hakuna "lakini", hakuna "unajua na mimi siku ile kichwa". Usiitaje chai hata ukifa kwa kiu. Akikupa, kunywa, asipokupa, meza mate. Na neno lile ulifanyie mazoezi njiani kwa sauti, usijali wapita njia, kinywa ambacho hakijalisema kwa miaka ishirini na tisa kinaweza kukwama mahali pabaya.

Akikasirika, kaa kimya usikilize mpaka achoke, miezi minane si maneno ya dakika mbili. Akilia, usimkataze. Akikwambia, "Baba, Jumamosi usije," sema, "Sawa, mwanangu," na usije, wala usitume mtu, wala usipite mtaa ule kwa bahati mbaya ukiwa umevaa shati jipya. Mwaliko ni wake, hukwenda kuufuata, ulikwenda kulipa neno. Wiki inayofuata mtumie salamu, na safari hii zisipitie kwa mama yake.

Na akisema njoo, njoo. Fika kwa wakati, kaa pale utakapoonyeshwa, usishike stepla ya mtu. Wageni wakikuuliza wewe ni nani, sema, "Mimi ni baba yake fundi," uishie hapo hapo. Na ukiona mahali popote mshono uliopinda, hata kama umepinda mpaka unayumba, ndugu yangu, tazama dirishani.

Shangazi